Mwenye Kisukari na Makopo ya Vitamini



Leo nataka tuzungumze juu ya vitamini kwa watu wenye ugonjwa wa sukari. Nimechagua jambo hili kwa sababu ya mzee mmoja wa kijijini kwetu. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe ameniruhusu kusimulia habari zake, ili wengine wasipate yaliyompata.

Mzee huyu ni mfugaji na mkulima wa uwele. Alianza kumeza dawa ya kisukari miaka tisa iliyopita. Dawa yenyewe inaitwa metformini. Alikuwa mtu wa kufuata tarehe. Kila alipokuja zahanati alikuja na kadi yake, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Sukari yake ilikuwa 7, mara nyingine 8. Tulikuwa tukimsifu mbele ya wenzake.

Mwezi wa Machi mwaka jana alikuja kama kawaida. Nilimwamkia, "Shikamoo baba." Akaitika, "Marahaba mwanangu." Kisha akasema, "Miguu yangu siku hizi si yangu. Nikikanyaga chini naona kama nimekanyaga pamba. Usiku inachoma kama sindano."

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Akina mama walikuwa wamejaa na watoto wa kupimwa uzito. Mimi nikamjibu kwa haraka, "Ndiyo kawaida ya ugonjwa wako huo, baba. Wewe meza dawa tu." Nikampa vidonge vyake, nikaita mtu mwingine.

Ndugu msomaji, hapo nilikosa. Sikumvua viatu nikaitazama miguu yake. Sikumweleza ganzi inatoka wapi. Yule mzee alikwenda nyumbani na swali lake bila jibu. Na mtu mwenye swali lisilo na jibu hulitafuta kwingine.

Alilipata jibu mnadani

Mwezi uliofuata alikwenda mnadani kuuza mbuzi. Palikuwa na mchuuzi mwenye kipaza sauti na meza iliyojaa makopo. Mchuuzi alikuwa akisema hivi: "Una kisukari? Miguu ina ganzi? Mwili wako umekosa vitamini! Dawa za hospitali zimekumalizia vitamini zote. Kunywa hizi, zimetokana na mimea, hazina kemikali. Kwa miezi mitatu unasahau sukari."

Mzee akasimama. Alisikia mtu akitaja miguu yake kana kwamba anaijua. Aliuza mbuzi wawili, akanunua makopo manne. Mchuuzi akamwambia asichanganye na dawa za hospitali, ili vitamini zifanye kazi vizuri. Basi mzee akaviweka vidonge vyake vya metformini juu ya kabati. Aliviacha huko toka Aprili hadi Julai. Kliniki hakuja tena.

Nanyi mnaijua Julai ya huku kwetu. Usiku ni baridi kali na upepo. Watu huota moto. Usiku mmoja mzee aliota moto na miguu yake ikiwa karibu na kuni. Hakusikia joto. Mkewe ndiye aliyesikia harufu ya ngozi inayoungua.

Walipaka asali, wakafunga kitambaa. Baada ya siku tisa kidonda kilianza kutoa maji yenye harufu. Ndipo mkewe alipokwenda kabatini. Mama huyu alijifunza kusoma katika darasa la kisomo, akiwa na wajukuu tayari. Alichukua kadi ya kliniki akasoma tarehe ya mwisho: Machi. Akasoma namba ya sukari: 7.8. Kisha akachukua kopo akatafuta namba. Aliona tarehe ya kuisha kwa matumizi. Ilikuwa imekwisha kupita kabla hata mumewe hajalinunua.

Siku hiyo hiyo walikuja zahanati kwa baiskeli ya jirani. Nilimpima sukari. Ilikuwa 19.4. Nilimwandikia barua ya rufaa, akapelekwa hospitali mjini Dodoma. Alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Mguu ulipona.

Lakini kuna jambo jingine. Hospitalini walimpima damu, wakakuta kweli ana upungufu wa vitamini moja. Vitamini hiyo inaitwa B12. Kwa hiyo yule mchuuzi alisema neno moja la kweli ndani ya maneno mengi ya uongo. Ndiyo maana leo nataka tutenganishe ukweli na uongo huo, moja baada ya jingine.

Vitamini ni nini?

Vitamini ni vitu vilivyomo ndani ya chakula. Mwili unavihitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini hauwezi kukaa bila hivyo. Ukila ugali unapata nguvu. Ukila kunde au nyama unajenga mwili. Vitamini zenyewe hazitoi nguvu. Kazi yake ni kuusaidia mwili kukitumia chakula hicho, kutengeneza damu, kulinda macho, ngozi na mishipa ya fahamu.

Zamani mabaharia waliosafiri miezi mingi bila matunda walivimba fizi, wakatoka damu, wakafa. Mwaka 1747 daktari mmoja wa meli za Uingereza, James Lind, aliwapa baadhi yao machungwa na malimau, wakapona haraka. Walikuwa wamekosa vitamini C, ingawa wakati huo hakuna aliyejua jina hilo. Neno "vitamini" lilianza kutumika mwaka 1912.

Hapo tunajifunza jambo moja kubwa. Vitamini humponya mtu aliyeikosa. Kwa yule ambaye hakuikosa, kumwongezea hakumpi nguvu mpya. Ni kama mtungi uliojaa. Ukiendelea kumimina, maji yanamwagika chini.

Kisukari ni nini?

Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, viazi na vitu vitamu, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo inatakiwa kuingia katika nyama za mwili ili itupe nguvu. Mlinzi anayeifungulia mlango anaitwa insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho tumboni nyuma ya tumbo la chakula.

Wako watu ambao kongosho lao halitengenezi insulini kabisa. Wengi huugua wakiwa watoto au vijana. Hao wanaishi kwa sindano za insulini. Wako wengine ambao insulini ipo, lakini ni kidogo au haifanyi kazi vizuri. Hao ndio wengi, na mzee wetu ni mmoja wao. Wengi wao husaidiwa na vidonge, chakula kizuri na kazi za mikono.

Kabla ya insulini kugunduliwa mwaka 1921 huko Kanada, mtoto mwenye kisukari alikuwa anakufa kwa muda mfupi. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, mwezi Januari 1922. Alikuwa karibu kufa. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla yake watoto kama yeye walijaribiwa kwa vyakula vya namna mbalimbali, na hawakupona. Mwili wao ulikosa insulini, na insulini si vitamini.

Kwa hiyo nasema wazi: hakuna vitamini inayoponya kisukari. Mtu wa sindano akiacha insulini kwa ajili ya kopo la vitamini, anaweza kufa katika siku chache tu. Mtu wa vidonge akiacha, hafi haraka, lakini sukari inamla taratibu macho, figo na miguu.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa haba vijijini. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kutangazwa mwaka 1989 ulikuta karibu mtu mzima mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100, wa umri wa miaka 25 hadi 64. Kwa hiyo jambo hili si la watu wa mjini peke yao. Ni letu sote.

Neno la kweli: vitamini B12

Sasa turudi kwenye lile neno la kweli la mchuuzi.

Metformini ni dawa nzuri. Imetumika kutibu kisukari tangu mwaka 1957, ilipoanzia Ufaransa. Lakini mtu akiimeza kwa miaka mingi, inaweza kuyapunguzia matumbo uwezo wa kuchukua vitamini B12 kutoka katika chakula. Jambo hili haliji kwa mwezi mmoja. Ini lina akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka kadhaa. Akiba ikiisha, dalili zinaanza.

Dalili zake ni hizi:
1. Ganzi, au kuchomwa kama sindano katika miguu na mikono.
2. Kuyumba unapotembea, hasa gizani.
3. Uchovu na upungufu wa damu.
4. Ulimi kuwa mwekundu na kuuma.
5. Kusahau sahau.

Mnaona tatizo lilipo. Kisukari chenyewe, sukari ikikaa juu muda mrefu, nacho huleta ganzi ya miguu. Ganzi hizi mbili zinafanana. Mimi nikitazama kwa macho siwezi kuzitenganisha. Inatakiwa damu ipimwe, na zahanati kama yangu haina kipimo hicho. Kazi yangu ni kukusikiliza na kukuandikia rufaa. Kazi yako ni kusema.

Na sisi wa huku kwetu tuna jambo la kuangalia zaidi. B12 haimo katika uwele, mtama, mahindi, karanga wala mboga za majani. Inapatikana katika vitu vitokavyo kwa wanyama: nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mzee wetu ana ng'ombe saba. Nilipomwuliza anakula nini, akajibu, "Ugali na mlenda, mwanangu." Maziwa yalikuwa yanauzwa yote. Mayai yalikuwa yanauzwa. Ng'ombe walikuwa wakikaa zizini, na mwenye ng'ombe alikuwa amekosa B12.

Hospitalini alichomwa sindano za B12. Ganzi imepungua, lakini haikuisha yote, maana sehemu nyingine ililetwa na sukari. Na metformini anameza mpaka leo. Hili mlishike sana: kuogopa kupungukiwa B12 si sababu ya kuacha metformini. Upungufu wa B12 una tiba yake, na tiba hiyo haigombani na dawa ya sukari.

Maneno ya uongo

Sasa tuyatazame maneno mengine ya mchuuzi.

"Zimetokana na mimea, hazina kemikali." Kuwa mmea si dhamana. Muhogo mchungu ni mmea, na usipotayarishwa vizuri unaua. Tena, hata metformini ilitokana na utafiti ulioanzia kwenye mmea mmoja uliotumiwa zamani huko Ulaya. Tofauti ni kwamba metformini imepimwa. Kila kidonge kinajulikana kina kiasi gani. Unga wa ndani ya kopo la mnadani hujui una nini.

Na mara nyingine una kitu kibaya. Mwaka 2008 huko Singapore watu wengi walilazwa hospitalini kwa sukari kushuka mno, na wengine walikufa. Hawakuwa wagonjwa wa kisukari. Walikuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizouzwa kwa magendo. Ndani yake mlikuwa na dawa kali ya kushusha sukari, na kwenye kopo haikuandikwa. Kwa hiyo ukisikia mtu amekunywa unga wa kopo na sukari ikashuka, usiseme upesi kwamba ni vitamini.

"Kunywa nyingi, haina madhara." Si kweli. Vitamini A ikizidi inaharibu ini, na kwa mama mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vitamini B6 ikizidi sana kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuleta ganzi. Yaani mtu ananunua vidonge vya kuondoa ganzi, na vidonge hivyo vinamwongezea ganzi.

"Madini na vitamini hizi huzuia kisukari." Wataalamu wamelipima jambo hili. Huko Marekani watu zaidi ya 2,400 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatwa kwa muda. Nusu walipewa vitamini D kila siku, nusu walipewa vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Tofauti kati ya makundi hayo mawili haikutosha kusema kwamba vitamini D inazuia kisukari. Hata madini ya kromiamu, ambayo wachuuzi huyasifu sana, hayajathibitika kuwa dawa ya kutegemewa.

"Unga wa mlonge unatosha." Majani ya mlonge ni mboga nzuri, yana vitamini na madini. Pika, ule kama mboga nyingine. Lakini usiyaweke mahali pa dawa. Na ukitumia unga wake kila siku, mwambie mganga wako.

Jihadharini pia na vitamini za maji, zile tamu za chupa. Nyingi zina sukari. Mwenye kisukari anakunywa vitamini, kumbe anakunywa sukari.

Nani hupewa vidonge vya vitamini?

Msidhani nazikataa vitamini zote. Wapo watu wanaozihitaji, nao hupewa na mganga kwa sababu inayojulikana:

- Mtu aliyepimwa akakutwa na upungufu wa B12, kama mzee wetu.
- Mama mwenye kisukari anayetaka kubeba mimba, au aliye mjamzito. Huyu anahitaji asidi ya foliki, kumlinda mtoto asizaliwe na kasoro ya uti wa mgongo. Ni vizuri aje kliniki kabla ya kubeba mimba.
- Mtu mwenye kisukari anayetibiwa pia kifua kikuu. Mojawapo ya dawa za kifua kikuu inapunguza vitamini B6, kwa hiyo hupewa B6 kwa kipimo kidogo.

Katika hayo yote, vidonge huongezwa juu ya dawa ya sukari. Havichukui nafasi yake. Mtu yeyote akikwambia ununue vitamini na uache dawa ya sukari, ondoka mbele yake, hata kama amevaa koti jeupe.

Duka letu la vitamini

Wengine wenu mtauliza, "Basi sisi tule nini?" Ndugu zangu, vitamini nyingi za makopo hayo tunazo shambani na porini, na nyingine hatuzilipii hata senti moja.

Mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga, mchicha na mgagani vina vitamini A, asidi ya foliki na madini. Mwenye kisukari ale mboga hizi kwa wingi, ziijaze nusu ya sahani yake. Mkitia karanga zilizotwangwa ni vizuri zaidi, kwa sababu vitamini A inahitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini. Lakini punguzeni magadi. Magadi huharibu baadhi ya vitamini, na yana chumvi inayopandisha shinikizo la damu.

Mboga za kukausha kwa ajili ya kiangazi msizianike kwenye jua kali. Jua kali linaharibu vitamini A. Zianikeni kivulini penye upepo, juu ya uchanja, mzifunike kwa chandarua kuzuia nzi na vumbi.

Ubuyu wa mibuyu yetu una vitamini C nyingi. Ukipima uzito kwa uzito, unga wa ubuyu unalishinda chungwa. Koroga unga wake katika maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Usiuchemshe, na usitie sukari. Lakini ule ubuyu mwekundu unaouzwa kwenye vifuko stendi na shuleni umepikwa kwa sukari na rangi. Huo si wa mwenye kisukari.

Ugali wa uwele au mtama usiokobolewa una vitamini B na madini kuliko sembe nyeupe. Hata hivyo ni ugali, nao unageuka kuwa sukari. Ule kiasi cha ngumi yako, usile kilima. Robo ya sahani iwe ugali, robo iwe kunde, choroko, mbaazi, dagaa, yai au nyama.

Zabibu za Dodoma zina sifa nchi nzima. Zina sukari nyingi. Kula punje chache baada ya chakula, usile kichala kizima. Na juisi yake uiache.

Kwa ajili ya B12, kikombe cha maziwa au yai kwa siku havimfilisi mfugaji. Dagaa wachache ndani ya mlenda wanasaidia. Uza maziwa, ndiyo, lakini bakiza ya nyumbani.

Mambo sita ya kushika

1. Usiache dawa wala sindano ya kisukari bila kuambiwa na mganga anayekutibu.
2. Ukipata ganzi, sema. Ukiona mganga ana haraka, sema mara ya pili. Mwambie, "Nimetumia metformini miaka kadhaa, nauliza juu ya B12."
3. Kila jioni tazama nyayo zako. Usipoona vizuri, mjukuu akutazamie. Usitembee peku.
4. Wakati wa baridi usiote moto kwa miguu. Vaa soksi au jifunike blanketi.
5. Kabla ya kununua dawa yoyote soma tarehe ya kuisha kwake. Dawa inunuliwe duka la dawa lenye kibali. Dawa hapa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mchuuzi wa mnadani anayekuuzia "dawa ya kuponya sukari" mtolee taarifa kwa viongozi wa kijiji.
6. Njoo kliniki na kila kitu unachotumia: vidonge, unga, mizizi, kopo. Viweke mezani. Hatutakugombeza.

Hilo la mwisho nalisema kwa niaba yangu mwenyewe. Tangu Julai ile, kila mwenye kisukari akija kwangu namwomba avue viatu kwanza. Foleni inakuwa ndefu, na akina mama wananilalamikia. Wana haki. Lakini wengine wameanza kusema mambo ambayo zamani hawakuyasema. Mama mmoja alifungua khanga yake akatoa kopo kama lile la mzee. Alikuwa hajaanza kulitumia.

Mzee wetu naye huja kila siku ya kliniki, na fimbo yake. Anakaa kwenye benchi na wenzake. Mgeni akija, humwonyesha mguu wake wa kushoto kabla hajaonyeshwa na mtu yeyote mahali pa kukaa. Anamwambia, "Mimi niliuza mbuzi wawili nikanunua hiki." Mkewe yuko pembeni, ameshika kadi. Ndiye anayesoma namba siku hizi. Mara ya mwisho ilikuwa 7.2.

Maswali ya kujadili darasani
1. Kwa nini mzee aliamini maneno ya mchuuzi?
2. Mganga alikosa nini mwezi wa Machi? Mgonjwa angefanya nini?
3. Taja vyakula vinne vyenye vitamini B12 vinavyopatikana kijijini kwenu.
4. Ubuyu upi unamfaa mwenye kisukari, na upi haumfai? Kwa nini?
5. Chukua chupa au kopo la dawa lililoko nyumbani. Soma tarehe ya kuisha kwake. Je, imepita?